Kokteli hospitalini, dawa baani: Maneno mawili yaliyobadilishana makao

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili magharibi mwa Kenya, ameniandikia akiomba msaada. Aliwapa wanafunzi wake vifungu vitatu vya Kiingereza wavitafsiri: kimoja cha afya, cha pili cha mitindo ya mavazi, na cha tatu cha kuandaa wageni wakati wa Krismasi. Vyote vitatu vilikuwa na neno 'cocktail'. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba mgonjwa wa kifua kikuu 'alipewa pombe ya dawa nne'. Mwenzake akaandika kwamba mgeni wa heshima 'alivaa gauni la ulevi'. Darasa likavunjika mbavu. Sasa mwalimu anauliza: je, Kiswahili kina neno moja linaloweza kuzibeba maana hizo tatu?

Jibu fupi ni kwamba hakina, wala hakilihitaji. Jibu refu ndilo makala haya.

Nisingelipa swali hili safu nzima kama lingekuwa la kuchekesha tu. Lakini tumo katika msimu wa sherehe. Katika wiki hizi kadi za mwaliko zinazunguka, chupa zinafunguliwa, na watu wanaotumia dawa za kila siku wanaketi meza moja na wenyeji wanaowamiminia vinywaji bila kuwauliza. Hapo neno lisiloeleweka si kosa la mtihani tena. Linaweza kumfikisha mtu hospitalini.

Tuanze na asili. Mnamo Mei 13, 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilichapisha maelezo ya neno hilo ambayo wanahistoria wa vinywaji huyataja mara kwa mara. Jambo linalonipendeza ni kwamba mhariri alikuwa akimjibu msomaji. Msomaji huyo alikuwa amekutana na neno hilo katika toleo lililotangulia, likamtatiza, akaandika kuuliza. Naona kazi yetu hii ya safu za lugha ni ya zamani! Mhariri akaeleza kwamba kokteli ni kinywaji cha kuchangamsha chenye vitu vinne: kileo kikali cha aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu ya mitishamba.

Kuhusu kwa nini kinywaji kikaitwa 'mkia wa jogoo', maana hiyo ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, wanaetimolojia hawajaafikiana. Wapo wanaotaja farasi waliokatwa mikia, ambao kwa kawaida hawakuwa wa nasaba safi, kwa hivyo neno likaja kumaanisha kitu kilichochanganywa. Wapo wanaotaja kikombe cha kulia yai cha Wafaransa wa New Orleans. Mimi sitawachosha na mkia huo wa jogoo. Kinachonihusu ni kile kiungo cha nne, yaani dawa chungu.

Dawa chungu hizo zilitengenezwa kwa kuloweka mizizi, magome na mitishamba katika kileo, nazo ziliuzwa kama tiba ya tumbo na ya homa. Ile maarufu zaidi, Angostura, ilibuniwa mwaka 1824 nchini Venezuela na Johann Siegert, daktari Mjerumani katika jeshi la Simón Bolívar, kwa ajili ya wanajeshi waliosumbuliwa na matumbo. Nyingine yenye sifa, Peychaud's, ilitoka kwa mfamasia wa New Orleans. Na Waingereza waliokuwa India walipotakiwa kumeza kwinini ili kujikinga na malaria, waliona uchungu wake hauvumiliki, wakautuliza kwa sukari, ndimu na kileo. Kwa hivyo, tangu mwanzo kokteli ilikuwa na mguu mmoja katika duka la dawa na mwingine katika baa.

Baadaye ikahamia baa kabisa. Kisha, katika karne ya ishirini, neno likarudi hospitalini, safari hii likiwa na harufu ya baa. Nchini Uingereza palikuwa na 'kokteli ya Brompton', iliyopewa jina la hospitali moja ya London. Ilikuwa mchanganyiko wa mofini, kokeini na kileo, uliopewa wagonjwa mahututi ili kuwatuliza maumivu. Iliachwa madaktari walipobaini kwamba mofini peke yake, ikipimwa vyema, inatosha. Halafu mwaka 1996, katika mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Vancouver, Kanada, matokeo ya kutumia dawa tatu kwa pamoja yalitangazwa, na magazeti ya Marekani yakaziita dawa hizo kokteli. Tangu hapo neno limeganda katika habari za afya.

Sasa, tutazame kinachotokea ndani ya neno lenyewe. Kokteli ya kwenye glasi ina mambo matatu: vitu vinachanganywa, mnywaji anaburudika, na kuna wakati wake maalumu, yaani jioni kabla ya chakula. Neno likiingia hospitalini, linabakiza jambo la kwanza tu: kuchanganya. Likiingia katika mitindo, linabakiza la tatu tu: wakati. Gauni la kokteli halijachanganywa na chochote! Na likiingia vitani, haya, karibu kila kitu kinatoweka, inabaki chupa. Ile 'kokteli ya Molotov', ambayo sisi tunaiita bomu la petroli, ilipata jina hilo kwa Wafini katika vita vyao na Muungano wa Kisovieti vya 1939 na 1940. Walikuwa wakimkejeli Vyacheslav Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Usovieti.

Hii ndiyo sababu nasema hatuhitaji neno moja. Mtafsiri anayetafuta neno moja la Kiswahili anatafuta kitu ambacho hata Kiingereza chenyewe hakina. Kiingereza kina umbo moja lenye kazi tatu. Nasi tutafsiri kazi, si umbo.

Tuingie hospitalini. Kwa nini daktari ampe mgonjwa dawa kadhaa badala ya moja? Kifua kikuu kinatupa jibu zuri. Dawa ya streptomisini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu haraka, kisha wengi wao wakarudi katika hali mbaya. Bakteria wachache waliokuwa sugu tangu mwanzo walibaki wakazaana. Ndipo ikajulikana kwamba dawa zikiwa mbili au zaidi, bakteria anayeikwepa ya kwanza anauawa na ya pili. Mapema katika miaka ya 1970, watafiti wakishirikiana na wagonjwa wa hapa Afrika Mashariki walisaidia kuthibitisha kwamba mpangilio mzuri wa dawa unaweza kuyafupisha matibabu yaliyochukua mwaka na zaidi hadi kufikia miezi sita. Leo mgonjwa wa kawaida hupewa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza zinaendelea kwa miezi minne. Dunia nzima inafaidi kazi hiyo iliyofanywa kwetu.

Malaria ni hivyo hivyo. Kenya iliamua mwaka 2004 kuachana na dawa iliyokuwa imezoeleka, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea pia, na kufikia 2006 ikaanza kusambaza tembe zenye artemetha na lumefantrini pamoja. Artemetha hufanya kazi kwa kasi lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini ni ya taratibu, hukaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Mmoja ni mkimbiaji wa mita mia, mwenzake ni wa marathoni. Ukimwondoa yeyote kati yao, mbio zimeharibika. Na virusi vya Ukimwi, ambavyo hubadilika upesi mno, hudhibitiwa kwa kanuni hiyo hiyo. Wagonjwa wengi nchini humeza tembe moja kwa siku, lakini ndani ya tembe hiyo mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

Tazama basi tofauti. Mwenye kutengeneza kokteli ya baani ana uhuru. Anaongeza ndimu, anapunguza sukari, anabadilisha kileo, na mteja akisema ni kali, anaizimua kwa maji au soda. Dawa za pamoja hazina uhuru huo hata chembe. Idadi imepangwa, kipimo kimepangwa, saa imepangwa. Kuziita kokteli ni kumpa mgonjwa picha iliyo kinyume kabisa na kile anachotakiwa kufanya.

Je, Kiswahili kina neno? Kinalo, na lilikuwa jikoni muda wote: mseto. Mseto ni chakula cha wali uliopikwa pamoja na choroko au nafaka nyingine. Kutoka jikoni neno hilo limefika shambani, tukapata kilimo mseto. Limefika Bungeni, tukapata serikali ya mseto, ile iliyoundwa mwaka 2008 baada ya mkataba wa Februari uliosimamiwa na Kofi Annan. Na limefika zahanati. Majirani zetu wa Tanzania wamelizoea mno neno 'dawa mseto' kwa tembe za malaria nilizozitaja, hata mama mzazi kijijini hulitamka bila kusitasita. Nasi tunalo, ila tunalionea haya.

Kwa nini mseto na si mchanganyiko? Mchanganyiko ni neno zuri lakini ni baridi. Haliambii kama vitu vilichanganywa kwa mpango au kwa bahati. Mkorogo nao una sifa mbaya. Waulize waliojipaka mkorogo wa kujichubua ngozi. Mseto una mpango ndani yake. Wali unaonekana, choroko inaonekana, kila kimoja kina kazi yake, na mpishi amevipima. Hata ile serikali ya mseto, pamoja na migongano yake yote, ilifungwa na mkataba ulioeleza nani anapata nini. Kwa hivyo nampa mwalimu wetu jibu la kifungu cha kwanza: mgonjwa wa kifua kikuu alipewa dawa mseto. Tukizungumzia matibabu kwa jumla, tuseme tiba mseto.

Wakati Kiingereza kinaiita dawa kokteli, sisi huku Kenya tumefanya kinyume chake: tumeiita kokteli dawa. Agiza 'dawa' katika mikahawa mingi ya Nairobi na utaletewa kikombe cha maji moto yenye tangawizi, limau na asali. Kinafaa kwa mafua, na hakina kileo. Agiza 'dawa' hiyo hiyo kwenye kaunta ya baa na utaletewa glasi ya barafu yenye vodka, vipande vya ndimu, sukari, na kijiti kilichochovywa katika asali, cha kukorogea. Kinywaji hiki, ambacho ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, kilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, na siku hizi watalii hukitaja kama kokteli ya Kenya.

Si ajabu neno dawa kufika huko. Lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya tiba, lakini Kiswahili kililitanua mapema. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya panya, ambayo haimponyi panya. Tuna dawa za kulevya. Na wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kwa Mswahili, dawa ni chochote kinachoimaliza shida iliyopo. Mtu aliyechoka baada ya siku ndefu akiita glasi yake dawa, anatania ndani ya kanuni za lugha.

Lakini utani una mipaka. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu asiyetia kileo mdomoni, alikuwa katika hoteli moja ya Pwani jioni moja ya Disemba. Alikuwa na mafua, tena anatumia tembe za shinikizo la damu.

"Niletee dawa, mwanangu," akamwambia mhudumu.

"Sawa, mama."

Ikaja glasi yenye barafu. Akainusa. "Hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Na tangawizi iko wapi?"

"Ah, ya tangawizi ni ile dawa nyingine."

Sote mezani tulicheka, na kijana yule akabadilisha kinywaji kwa adabu. Lakini pima: shemeji hakukosea, na mhudumu hakukosea. Neno moja lilikuwa na milango miwili, kila mmoja akaingia kwa wake. Kama mafua yangekuwa yamemziba pua sawasawa, angekunywa.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa wenye hoteli ni jepesi. Andikeni katika orodha ya vinywaji 'dawa ya tangawizi' na 'dawa ya vodka'. Neno moja la ziada haligharimu chochote.

Tugeukie mavazi. Gauni la kokteli lilizaliwa pamoja na tafrija ya kokteli, ile ya kusimama na glasi mkononi kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili za usiku. Tafrija hizo zilishamiri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ajabu ni kwamba Marekani ilikuwa imepiga marufuku uuzaji wa pombe kati ya 1920 na 1933. Watu wakahamishia glasi zao majumbani na katika vilabu vya siri. Wanawake walihitaji vazi lililo rasmi kuliko la mchana lakini lisilo zito kama gauni refu la dansi ya usiku. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Christian Dior wa Paris akalitia jina vazi hilo la saa za kati, na jina likashika. Kwa kawaida pindo lake hukomea magotini au chini yake kidogo. Mwanamume naye huvaa suti ya rangi iliyokolea na tai.

Siku hizi agizo hilo la mavazi limejaa katika kadi za harusi, za mahafali na za karamu za kampuni hapa kwetu. Wangapi huelewa? Nimeona wageni wakija na jinzi, wengine wakiburura magauni ya kufagia sakafu, na wote walikuwa wamesoma kadi ile ile. Kuliita 'gauni la jioni' hakutoshi, maana hilo ndilo jina tunalolipa lile refu. Mimi naona 'vazi la tafrija' linafaa. Na mwenye kadi akitaka kuwasaidia wageni wake kweli, aandike: gauni la magotini, suti na tai. Wapwani hawana taabu hii, kwa sababu mavazi yao yana majina yanayojieleza. Ukiambiwa kanzu na koti, unajua. Ukiambiwa mtavaa leso sare, unajua. Hakuna anayeuliza jogoo wala mkia wake.

Meza ya tatu ni ya kuwapokea wageni msimu wa likizo. Hapa, na hapa tu, neno kokteli lina haki ya kuingia Kiswahili kwa mlango wa mbele, kwa sababu linataja kitu chenyewe. Lakini hata hapa tuwe macho. Katika vibanda vya juisi vya Mombasa, na katika hoteli nyingi za Eastleigh, kokteli ni juisi ya matunda mbalimbali iliyosagwa, huenda embe, parachichi, pasheni na kiazisukari, bila tone la kileo. Muislamu anayefuturu huiagiza kwa amani. Huku kwingine, mgeni akisikia kokteli, anajua ni pombe. Neno moja, maana mbili zinazopingana juu ya jambo ambalo kwa watu wengi ni la imani. Ndiyo maana napenda tuendelee kulitunza neno la zamani, sharubati, kwa vinywaji vya matunda. Lilitokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, mzizi uliovipa pia Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya maneno yao ya shira na vinywaji vitamu. Kwa hivyo anayedhani sharubati ni ya kishamba, na ajue ilifika Ulaya kabla kokteli haijafika kwetu.

Na tuandikeje? Naona watu wanaandika 'koktaili', 'koktel', hata 'kokteil'. Sauti hiyo ya Kiingereza tumekwisha kuizoea: ndiyo iliyotupa reli, treni, keki na breki, si 'raili' wala 'kaiki'. Mfuatano wa k na t nao si mgeni; tunautamka katika daktari na Oktoba. Na mwisho wa neno uchukue irabu, kama hoteli. Kwa hivyo ni kokteli, ngeli ya I-ZI: kokteli hii inanywewa, kokteli hizi zinanywewa.

Nirudi kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Nenda kemisti yoyote mtaani ukae kwenye benchi dakika kumi. Utamsikia mtu akisema, "Nichanganyie dawa ya homa." Anafungiwa katika karatasi tembe nne tano za rangi mbalimbali, bila jina, bila maelezo, anaondoka. Akifika nyumbani anaongeza za jirani. Huyu amelielewa neno kokteli barabara, kwa maana yake ya baani: changanya, onja, ongeza. Asichojua ni kwamba dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani yake, na akimeza tatu tofauti anaweza kupita gramu nne kwa siku, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima. Hizo ni tembe nane za kawaida. Ini ndilo linaloumia, na pombe ya sherehe hulizidishia mzigo. Ini hilo hilo ndilo linaloelemewa pombe ikikutana na isoniazidi ya kifua kikuu. Hata tunda linaweza kuleta matata. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa London, Ontario, nchini Kanada, walikuwa wakichunguza jinsi pombe inavyoathiri dawa moja ya shinikizo la damu. Ili kuficha ladha ya pombe wakaichanganya na maji ya balungi. Dawa ikapanda katika damu kuliko walivyotarajia, na uchunguzi ukaonyesha kwamba aliyeipandisha ni balungi. Yaani walitengeneza kokteli bila kukusudia, na kwa ajili yake leo wagonjwa wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo na za kupunguza mafuta mwilini huonywa dhidi ya tunda hilo.

Upo upande wa pili, nao unauma vilevile. Wapo wanaotumia dawa mseto za virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu ambao, Disemba ikifika, huziweka kando kwa siku chache ili wanywe na wenzao bila hofu ya 'kuchanganya'. Wanadhani wanajikinga. Kumbe siku hizo chache ndizo virusi au bakteria wanazozisubiri ili kuwa sugu. Mgonjwa anayejua kwamba tembe zake ni mseto, kwamba zimeshikana kama matofali ya ukuta, ataelewa kwa nini haruhusiwi kung'oa hata moja. Anayeambiwa ni kokteli ataelewa nini?

Kwa hivyo naomba mambo machache. Wanahabari wenzangu wa Kiswahili, mkitafsiri habari za afya kutoka mashirika ya nje, andikeni dawa mseto. Madaktari na wauguzi, mtajieni mgonjwa idadi ya dawa zilizomo ndani ya tembe na kazi ya kila moja. Dakika mbili zinatosha. Nawe msomaji utakayekaribisha wageni wiki hizi, weka jagi la sharubati mbali na jagi la kokteli, na umwambie kila mgeni kilichomo kabla hujammiminia. Akikataa, usimshurutishe wala usimwulize sababu. Huenda ana miadi na tembe zake saa tatu usiku.